Mnavu Wenye Kitambaa

Tumba, Stockholm
Mwezi wa tisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Wakesho. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia unaitumia, au umeificha sandukuni ukisubiri wageni? Na mvua, zimeshuka huko Taita? Huku sisi hatujambo. Mjukuu wako Mghoi amenipita kimo, na bado nikimwuliza kitu kwa Kiswahili ananijibu Kiswedi. Mwili wangu ni mzima. Moyoni nina hasira, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza mapema uanze kuniombea.

Unazikumbuka mbegu za mnavu ulizonifungia siku ile naondoka, ndani ya kipande ulichokichana kwenye kanga yako nyekundu? Nimezipanda kila mwaka tangu nipate kishamba. Nilikueleza kwamba nje kidogo ya Tumba tuna kijiji cha bustani, kila mtu na kishamba chake na kibanda cha mbao. Mwisho wa mwezi wa nane tunafungua milango Jumamosi na Jumapili, na watu wa mjini wanakuja kutazama. Hakuna anayelipwa. Tunagawana kazi wenyewe: huyu anaelekeza magari, yule anapika kahawa, na kila mmoja anasimama langoni kwake akieleza alichopanda. Usicheke, Mama. Huku mtu anawavalisha watoto wake, anapanda treni, anakuja kutazama vitunguu vya mtu asiyemjua, na akiondoka anashukuru.

Kati yetu wenye vishamba yuko Dorcas. Ni Mkenya mwenzangu, alikuja huku kusoma, na sasa ana ofisi yake Sundbyberg na kofia ya bustani yenye utepe. Mimi ndiye niliyemwingiza pale. Nilimwonyesha pa kuchota maji, nikamgawia miche ya sukuma, na kwenye ibada yetu ya Kiswahili kule Skärholmen tulikuwa tunaketi benchi moja.

Sasa sikia alichonifanyia. Mwezi wa saba, Gunilla, bibi anayetuongoza, alipita na wenzake kukagua njia watakayopita wageni. Alipofika kwangu akauinamia mnavu akakunja uso. Kwao ni gugu, na wamefundishwa tangu utotoni kwamba lina sumu. Nikamwambia sisi tunaula, nami nimekulia kwenye chungu cha mnavu. Hakunibishia. Alimwita Dorcas akamwuliza, "Wewe pia unatoka Kenya. Haya majani yanaliwa?"

Dorcas aliutazama mnavu. Akanitazama mimi. Halafu akawatazama wale wengine waliosimama na glavu zao, akasema, "Kwetu hatuli magugu."

Ilikuwa aibu tu, Mama. Hakutaka wajue kwamba mwenye kofia naye amelelewa kwa mboga ya kuchumwa kando ya zizi. Nililielewa hilo pale pale, na kulielewa hakukunipoza hata kidogo. Mnavu wote uling'olewa naona kwa macho yangu, ukatupwa kwenye toroli, ukapelekwa kwenye lundo la mbolea. Hata ule mche wa mbegu, ambao nilikuwa nimeufunga kitambaa ulivyonifundisha, ili yeyote aonaye ajue hauchumwi hata jani. Nilikuwa nimeufunga kwa kile kipande cha kanga yako. Kesho yake nilirudi kwenye lundo kukitafuta. Sikukiona, wala mnavu sikuuona, nikadhani vimefunikwa na takataka nyingine.

Kibao cha jina langu nacho kikaondolewa kwenye njia ya wageni, eti kwa usalama wa watoto. Nikawa yule mama wa sumu. Siku za wageni zilipofika nilipangiwa kuosha vikombe, nikaosha. Nikaosha nikingoja. Sikujua nangoja nini, ila nilijua kikija nitakitambua.

Kikaja Jumapili mchana. Watu walijaa kuliko tulivyotazamia, vyakula vikaisha, na Gunilla akaomba mwenye chochote alete. Dorcas akaleta pai mbili za spinachi. Zikasifiwa na kila mtu! Sahani moja ilipofika kwangu kuoshwa ilikuwa na kipande kimebaki, nikakionja. Nilijua kabla sijameza. Ule uchungu mdogo unaokuja mwishoni, ambao wewe ulikuwa unaupooza kwa maziwa, spinachi haina. Tena wale konokono wasio na nyumba walishamaliza spinachi ya kila mtu pale tangu mwezi wa saba. Yeye alitoa wapi?

Nikafuta mikono, nikaenda bustanini kwake, nikapita nyuma ya alizeti. Mnavu wetu, Mama! Mistari miwili, umemwagiliwa vizuri, umechumwa vichwa tu kama tunavyochuma sisi. Na mwisho wa mstari ulikuwepo ule mche wenye kitambaa chekundu, haujaguswa hata jani, umejaa matunda meusi. Alikuwa ameufukua kwenye lundo akaupanda, na kitambaa akakiheshimu. Kwa hiyo alijua kila kitu tangu mwanzo. Hilo lilinichoma kuliko maneno yake ya mwezi wa saba.

Sikukurupuka. Kwanza nilichuma yale matunda yote nikajaza mfuko wa aproni. Kisha nikafungua kitambaa, nikarudi nacho mkononi.

Gunilla alikuwa na uma mdomoni. Dorcas alikiona kitambaa kabla ya mtu mwingine yeyote, akanijia mbio.

"Dada Wakesho, tafadhali, si hapa. Tutaongea."

"Tutaongea," nikamwambia. "Kwa Kiswedi, wasikie wote."

Nikasema yote. Nikawaambia wanachokula ni kile kile walichoking'oa kwangu, na wakitaka kukiona kiko nyuma ya alizeti. Mama mmoja alimpokonya mwanawe kijiko. Mtu akapiga simu kwa watu wanaoshughulikia mambo ya sumu, akaulizwa maswali, akaambiwa waliokula wakae waangaliwe. Basi tukakaa wote tukimwangalia Gunilla, naye akiangalia saa yake. Hakuumwa hata kichwa. Mwishowe akauliza kama pai imebaki.

Muda wote huo nilisimama nimekunja mikono. Sitakudanganya, nilifurahi. Dorcas alivua kofia akaenda kuketi nyuma ya kibanda chake, na sikumfuata. Jioni ile ile aliung'oa mnavu wake wote, mche kwa mche, akautupa.

Kesho yake Gunilla alikuja na kibao changu akakipigilia langoni kwa mkono wake. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Nikamkaribisha chai, akanywa vikombe viwili.

Dorcas siku hizi akija ibadani anaketi nyuma kabisa. Mimi napita polepole ili anione vizuri. Juzi akanipigia simu. Nilikuwa nimejiandaa asubuhi hiyo yote, maana nilisikia atapiga, na maneno nilikuwa nayo mdomoni. Akanisalimia kwanza. Kisha akasema, "Ule wa kitambaa sikuuchuma, dada. Niliogopa. Mama yangu hayupo tena wa kunitumia mbegu. Nibakishie chache tu."

Nikamkatia simu.

Mghoi alikuwa mezani, amesikia yote. "Ge henne lite, mamma," akasema, yaani nimpe kidogo. Nikamwambia anyamaze ale.

Najua utakalosema, Mama. Utasema nisamehe. Nitasamehe, lakini si mwaka huu. Mwaka huu niache.

Nisalimie shangazi Mkamburi anayekukandia goti, umwambie asiende kwao mapema. Msalimie kaka Mwandawiro, na mkewe aliyejifungua, nguo za mtoto nimezipata, nitazituma. Msalimie na mama mchungaji anayekusomea barua hizi. Mama mchungaji, najua hapa umetikisa kichwa. Endelea kusoma.

Mbegu nimezikamua, nimeziosha, zimekauka dirishani vizuri kabisa. Nimezifunga mafungu mawili. La kwanza ni langu. La pili nimelifunga kwa kile kipande cha kanga yako, na kila asubuhi Mghoi ananiuliza ni la nani. Simjibu.

Mwanao, na bado nina hasira,

Wakesho