Kidole Changu Hakina Wino

Alhamisi, mwezi wa tano. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua la London likatoka kwa kuibia, na mimi nina hasira tamu ambayo sitaki ipoe.

Leo nimepiga kura.

Naliandika neno hilo peke yake kwa sababu katika nyumba hii bado halijaaminiwa.

Mwezi wa tatu mama mmoja wa makamo, mgombea udiwani, alibisha mlango wetu akauliza mtaa huu unakosa nini. Mume wangu, Baba Wanja, akamjibu kwa adabu kwamba sisi ni Wakenya, wageni, hatupigi kura hapa. Yule mama akasema watu wa Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa, na pasipoti ya Kenya inatosha kituoni. Baba Wanja akamshukuru, akafunga mlango. Mimi nikabaki na mwiko mkononi, kama mtu aliyeambiwa ana shamba asilolijua.

Nilijiandikisha kwa simu, ndani ya basi, nikienda kazini. Sikuomba ruhusa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wanaume wa ushirika wetu walichambua siasa za Kenya mpaka chai ikapoa. Wanajua nani ameungana na nani, na nani atamgeuka nani. Nikauliza Alhamisi wanampigia nani huku. Hakuna hata mmoja aliyejua jina la kata anamolala. Baba Wanja, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akacheka. "Hizo ni siasa za wenyewe," akasema. "Nyumba yangu haina kura huku." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Nyumba yake! Kenya nilipiga kura mara mbili, na mara zote mbili jina la wa kumpigia nililetewa mezani pamoja na chai. Nilidhani hayo niliyaacha uwanja wa ndege.

Binti yetu Wanja huvuka kila siku ile barabara ya mbele ya shule. Haina kivuko, na magari hapo hayapunguzi mwendo. Yule mama wa mlangoni aliahidi kukipigania kivuko. Labda ni maneno ya uchaguzi tu, sijui. Lakini kura ni yangu na nilitaka kuiweka hapo.

Basi leo nimeamka mapema, nikatoa pasipoti yangu kwenye mkoba wa Baba Wanja, nikabeba thamosi ya chai na leso ya kukalia. Foleni ya kura naijua mimi, nyumbani tulikuwa tunaipanga kukiwa bado giza. Nimefika kituoni, ukumbi wa kanisa, nikakuta mbwa amefungwa mlangoni. Ndani kuna makarani wawili na mwenye mbwa. Basi. Nimejiona mjinga na thamosi yangu.

Wamekagua pasipoti, wakanipa karatasi na penseli. Penseli! Kwetu watu wangefika na vifutio. Nimetia alama, nimekunja, nimetumbukiza, kisha nikarudi mezani na kumnyooshea karani kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akakitazama, akaniuliza kwa upole kama nimeumia.

Kumbe huku hawapaki wino. Nimecheka peke yangu mpaka kituo cha basi, ingawa moyoni nilihisi nimepunjwa.

Jioni, tukila, nimemwambia Baba Wanja. Hakuuliza kwa nini.

"Na ulimpigia nani?"

"Kura ni siri, Baba Wanja."

"Hebu nione kidole."

Nikamwonyesha. Safi kabisa. Akatabasamu, akakata tonge la ugali. "Mama Wanja, wewe ulienda tu matembezi."

Nimeinuka nikaenda chumbani kwa Wanja, nikamwomba ile rangi yake ya kucha ya zambarau. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Which finger, Mum?"

Nikamnyooshea. Alipokuwa akinipaka nikamweleza habari ya kura na kivuko. Brashi ikasimama.

"You did that for my road?"

Nikasema ndiyo, na kwa ajili yangu pia. Akapaka mara ya pili, polepole, asivuke ukingo.

Nimerudi mezani nikauweka mkono karibu na sahani ya baba yake. Amekitazama kile kidole mpaka ugali umepoa.

Matokeo bado. Huenda yule mama ameanguka vibaya. Kesho nina zamu, na sisi tunaotunza wazee haturuhusiwi rangi ya kucha kazini, kwa hiyo nitaifuta kabla sijatoka. Jumapili nitaipaka tena, na chai ya wanaume wa ushirika nitaimimina mimi, kikombe kwa kikombe, kwa mkono wa kushoto.