Salamu kwa Msahihishaji

Mwalimu Ntandu,

Darasa lako wamenipa mimi. Nilidhani watatafuta mtu mwenye mvi, lakini matanga yako hayajapoa mratibu wa elimu ya watu wazima akanikabidhi ufunguo wa kile chumba tunachoazima shule ya msingi. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa msaidizi wake, unajua alivyokuwa anafanya." Sijui, Mwalimu. Mwaka mzima nilikaa nyuma nikigawa karatasi na kukutazama, na sasa naona sikuelewa hata nusu.

Wanafunzi ni walewale, watu wazima wa hapa Sepuka, wanaingia alasiri watoto wakishatoka, na makapi ya alizeti bado yamenasa kwenye kanga. Wote wanarudia mtihani wa kidato cha nne na wote wanaangushwa na insha. Bado wanaanza na salamu. Unawapa swali la ukataji miti, wao wanamwamkia msahihishaji shikamoo, wanamuuliza habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, na kama mvua huko aliko imenyesha. Nusu ukurasa umekwisha na hakuna mti hata mmoja ulioanguka. Kwetu humfikii mtu na shida yako kabla hujamjulia hali, hilo naelewa. Nisiyemwelewa ni wewe.

Wewe hukuzikata zile salamu. Ulikuwa unazijibu! Kwa wino mwekundu, pembeni: "Mimi mzima, goti tu linasumbua. Haya, niambie hiyo miti." Nao walikuambia. Waliandika mpaka karatasi zikaisha, na wewe ukacheka peke yako ukisoma. Nilikuuliza utawaachisha lini, ukanijibu, "Waache kwanza." Kwanza ni mpaka lini? Ulikuwa na mpango, au ulikuwa unapenda tu kusalimiwa? Nimekukasirikia, nisikufiche. Nakukasirikia, nalia, halafu narudi kusahihisha.

Unamkumbuka Mama Zuhura, yule mzaliwa wa Mgori. Bado anataka chuo cha uhudumu wa afya na bado Kiswahili ndicho kinamzuia. Mwanawe sasa yuko kidato cha tatu, na mama anaapa huyo mtoto hatamkuta kwenye chumba cha mtihani. Kwenye mtihani wa majaribio alimsalimia msahihishaji vizuri kabisa, kama mkwe. Karatasi ikarudi imeandikwa "nje ya mada" na alama za kutia huruma. Aliitazama, akaikunja, akaiweka ndani ya mfuko wa unga. Afadhali angenifokea.

Basi nikapiga marufuku salamu. Wakatii wote, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. "Miti ni muhimu. Miti hutupa kivuli. Miti hutupa matunda." Watu wenye wajukuu wananiandikia hivyo, Mwalimu! Hapakuwa na kosa la kumkata mtu alama, na hapakuwa na mtu ndani yake. Nikasimama mbele yao nikiwa sijui niwarudishe wapi. Mama Zuhura akaweka kalamu chini. "Sasa haya namwambia nani?"

Wallahi nilisema tu, kwa kukosa la kusema: mwandikie marehemu Mwalimu Ntandu.

Nikajua nimeharibu. Kisha Mama Zuhura akainama, akaandika bila kuinua kichwa mpaka nikaona aibu kumtazama.

Insha yake ilianza hivi: "Mti wa mwisho aliotundikia baba mzinga ulikatwa na kaka yangu mwenyewe, akachoma mkaa." Ikaendelea hivyo, sababu baada ya sababu, madhara baada ya madhara, na nyuki wakihama, na baba akikaa nyumbani hana pa kwenda asubuhi. Sikukuta salamu hata moja. Nikamuuliza zimekwenda wapi. Akanishangaa. "Marehemu utamuulizaje hali, Mwalimu?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba, nikalia.

Wenzake nao wamefanya hivyohivyo, wanakuandikia wewe, na insha zimepona. Mimi sijui nifurahi au niogope. Hivi huku ni kufundisha? Nimpeleke mama wa watu kwenye chumba cha mtihani amwandikie marehemu, na maisha yake yote yanategemea karatasi hiyo? Ndivyo ulivyokuwa umekusudia, wawe na mtu wa kumwambia, halafu ukaondoka kabla ya kunieleza mengine? Au nimebahatisha tu? Nageuza kichwa kukuuliza, kiti kiko wazi.

Na wamekuja wapya wawili, mwendesha bodaboda na dada mmoja muuza vitunguu. Hawakukujua. Jana waliandika kuhusu miti na kivuli na matunda, wakanirudishia karatasi kwa heshima. Hawa siwezi kuwapa wewe.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sikuahidi kwamba watafaulu, sijui. Ninachokuahidi ni hiki: kesho nitawauliza wale wawili ni nani wamemzika ambaye bado wana jambo la kumwambia. Ni swali zito kumuuliza mgeni, kwa hiyo nitalijibu kwanza mimi.

Hawa