Perege na Lenzi za Kujaribu

Baba Neema mpenzi,

Nimefika salama Ifakara, binti yako anakusalimu, ila mvua haitupi nafasi. Zile lenzi za kuvaa machoni nilizopewa nijaribu, jicho moja la kuonea karibu, jingine mbali, daktari alisema nitazizoea. Wapi! Mchana mjukuu wako kanikalia mapajani: "Bibi, nitolee miba." Perege yuko mbele yangu, miba siioni vizuri, napapasa kwa vidole. Tonge la kwanza tu, akakohoa. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Kumbe ni pilipili ya mchuzi.

Kadi hii anakuletea kondakta wa basi. Akigeuza kurudi huku, mpe ile miwani niliyoificha chini ya khanga kwa kuwa inanizeesha. Acha nizeeke, mume wangu. Kesho mtoto anataka samaki tena.

Mama Neema wako