Bastola ya Mtutu Mfupi ya Marehemu Dwight Kessinger

OFISI YA SHERIFU, PELL RIDGE, MISSOURI
MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023, saa 3:10 asubuhi

Jina: Leland Hockersmith
Umri: Miaka 73
Kazi: Fundi bunduki mstaafu
Makazi: Barabara ya Quarry, Pell Ridge

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Jumamosi nilimwambia Afisa Bohannon neno lisilo la kweli, na kwa neno hilo mtu yuko mahabusu.

Marehemu Dwight Kessinger alikuwa askari wa doria wa barabara kuu, na rafiki yangu tangu mwaka 1974. Mwaka 1977 alinunua bastola ya silinda, aina ya magnamu, ile ya risasi zenye nguvu kubwa, yenye mtutu wa inchi mbili na nusu. Mpini wake niliuchonga mimi kwa mti wa jozi. Kwa zaidi ya miaka arobaini tulikaa meza za jirani kwenye maonyesho ya bunduki, naye aliiweka pale mbele, si ya kuuza. Watu walipita wakitazama bunduki za bei kubwa, kisha wakairudia ile fupi.

Sijui kama mtu asiyekusanya silaha anaweza kunielewa. Kwa shabaha ya mbali haifai. Ukiifyatua inaruka mkononi kama punda aliyechokozwa, na mwali wake unakutoa machozi. Lakini chuma chake kina ile rangi ya samawati nzito ambayo viwandani wameshaacha kuitoa. Ukiizungusha silinda unasikia kazi ya mkono wa mtu aliyekaa na tupa mpaka akaridhika. Mafundi wale wengi wameshazikwa. Dwight alikuwa akiwaambia wateja, "Bwana, hii ni kama mimi. Fupi, ina kelele, na hainunuliki."

Mimi niliitaka. Kila mwaka nilimwuliza, "Lini, kaka?" Naye alikuwa akinijibu, "Ngoja nife, ukamnyang'anye Charlene." Charlene ni binti yake. Kwa Dwight ulikuwa utani.

Mnamo tarehe 5 Agosti 2023, saa 10 jioni, nilikuwa kibarazani kwa Dwight. Alikuwa hawezi tena kusimama. Alikuwepo pia Emory Tackett, muuguzi aliyemhudumia pale nyumbani kwa miezi kumi na minne. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumnyoa ndevu. Dwight akaniomba nimletee bastola kutoka kabatini. Nilidhani siku yangu ya kuipata imefika. Niliifuta kwa shati langu kabla ya kumpa. Dwight akafungua silinda, akahakikisha haina risasi, akamwekea Emory mapajani.

"Chukua. Ni yako."

Emory akasema, "Mzee, mimi hata kuishika sijui."

"Leland atakufundisha. Ama vipi, kaka?"

Nikasema, "Sawa." Niliondoka bila kumaliza kahawa yangu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Akili ya Dwight ilikuwa timamu; jioni ile ile nilikosea mwaka wa mafuriko ya mtoni, akanisahihisha. Alifariki tarehe 2 Septemba. Sikuwa nimerudi kumwona.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa 4:30 asubuhi, Emory alikuja kwenye meza yangu ya maonyesho akiwa ameiviringisha bastola kwenye taulo. Alisema, "Mzee Leland, nimeona kama kutu hapa. Nikaogopa kuiharibu. Mzee aliniambia nije kwako." Nilikuwa nimeishika wakati Charlene alipotokea.

"Anko, hiyo si ya Baba? Nimepekua nyumba nzima!"

Emory akamwambia, "Alinipa mwenyewe, dada. Mzee huyu hapa alikuwepo."

"Akupe wewe? Kwa lipi? Kulipwa umelipwa, sasa na kuiba juu!"

Afisa Bohannon, aliyekuwa mlangoni, akaja. Akaniuliza kama naijua bastola ile. Nikasema ni ya Dwight. Akaniuliza, "Alimpa huyu bwana?" Emory alinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja tu niseme.

Nikasema, "Sijui."

Alipotiwa pingu hakunitukana. Alisema, "Mzee, labda umesahau."

Sikusahau.

Jana Jumapili, saa 8 mchana, Charlene alikuja kwangu na pai ya tufaha. Aliniambia, "Polisi wakiirudisha ichukue wewe, Anko. Baba angefurahi." Nilimshukuru. Alipoondoka nilipanga upya kabati langu la kioo, nikapata pa kuiweka. Kisha nikakaa nikiitazama ile nafasi. Nilikumbuka miaka yote tuliyokaa meza za jirani, nikaona kwamba hata nikiipata, Dwight hatakuwa meza ya pili. Nitakuwa na chuma tu, na kile nilichomfanyia kijana aliyemnyoa rafiki yangu wakati mimi nimenuna nyumbani.

Leo asubuhi saa 1:30 nilimpigia Charlene simu nikamweleza. Kisha akauliza, "Anko, sasa mbona hukusema?" Nilimwambia nakuja kituoni, nikavaa kofia.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na niliyoyaficha ni hayo. Nimesomewa nami nimekubali kuwa ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) L. Hockersmith

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Nimemwonya kuhusu kutoa taarifa ya uongo, alijibu, "Ni haki yako." Bi. Charlene Kessinger alifika saa 4:50 asubuhi, akafuta malalamiko. Bw. Tackett aliachiwa saa 6:05 mchana na kukabidhiwa bastola. Shahidi aliruhusiwa kuondoka mapema, lakini alibaki kwenye benchi la nje. Bw. Tackett alipotoka, shahidi alisimama, akavua kofia. Walichozungumza sikukisikia.

(Sahihi) Afisa R. Bohannon