Kofia Kumi na Tisa

Odil, acha hiyo chai unisome. Leo nimeaibika mpaka basi.

Ile chekechea niliyofunga kengele za moto inafunguliwa Jumatatu. Leo kaja mkaguzi. Kapuliza moshi wake wa majaribio kwenye kigunduzi cha kwanza. Kimya. Cha pili. Kimya!

Nikatazama juu. Zile kofia za plastiki za kuzuia vumbi, Odil! Zote bado zimefunika vigunduzi. Niliziweka mwenyewe asubuhi, maana Bibi Zulxumor, mama wa mwenye shule, alitaka kufukiza isiriq, yale majani yake ya moshi, kila chumba kuondoa husuda. Nikazisahau. Mimi, ninayekucheka kila siku kwa kusahau bisibisi!

Mkaguzi hakufoka. Bora angefoka. Kanionyesha vile vitanda vidogo: "Fundi, watoto wangelala hapa mchana, chini ya kofia zako."

Chini ya kofia zako.

Nikapanda ngazi, nikazivua moja moja. Mara huyo bibi na kikaango chake kinafuka: "Mwanangu, umepigwa jicho wewe. Ngoja nikufukize."

"Bibi, usiingie!"

Kaingia. Jengo zima likapiga yowe. Bibi kaziba masikio: "Yote haya kwa moshi wangu?"

Mkaguzi kacheka mpaka machozi, kisha kapima upya chumba kwa chumba, kasaini.

Mimi sijacheka. Nimekaa garini, kofia ziko mapajani. Kumi na tisa. Hii ni mara ya nne nazihesabu.