Ekseli Niliyoitengeneza, Nyumba Aliyoipata Mtani

Kambi ya Mgodini,
Geita

Kwa mke wangu, Mama Zaina,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na binti yetu na wote wanaolala chini ya paa letu. Je, kikohozi cha Zaina kimepona? Na huko Handeni mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Moyo ndio mgonjwa, na dawa yake siijui.

Mwombe kaka yako mwalimu akusomee taratibu, asiruke neno. Mara ya mwisho nilikuandikia ufunge mizigo. Leo nakuandikia uifungue. Usije, mke wangu. Ile nyumba ya vyumba viwili niliyokuambia imepata mtu mwingine, na mtu huyo ni Masanja.

Masanja unamjua kwa barua zangu tu. Ni fundi mwenzangu hapa karakana ya mgodi, Msukuma wa Kharumwa, na kwa kuwa mimi ni Mzigua, yeye ni mtani wangu. Miaka mitano tumetaniana. Yeye anakula ugali wangu bila kuomba, mimi navaa shati lake jipya kabla hajalivaa mwenyewe. Ananiambia babu yake alimnunua babu yangu kwa jembe bovu, mimi namwambia babu zake walipofika pwani waliyanywa maji ya bahari wakidhani ni ya kisima. Hakuna kukasirika. Hata wewe uliniandikia kwamba ulicheka. Sasa sikiliza kicheko hicho kimetufikisha wapi.

Bwana wetu, yule Mzungu mkuu wa karakana, ana gari dogo la tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Analipenda kuliko chakula. Wakati wa mvua alikuwa akirudi kutoka Kahama, akalitumbukiza korongoni karibu na Masumbwe. Springi za nyuma zikakatika, ekseli ikasogea nyuma na kupinda, na shafti ya upande wa kulia ikavunjika vipande viwili. Ng'ombe wa watu ndio waliolitoa matopeni. Lilipoletwa kwetu juu ya lori lilikuwa limechuchumaa nyuma kama mbuzi jike anayekojoa.

Vipuri vyake havipatikani tena, Mwanza wala Dar es Salaam. Bwana akatukusanya akasema kwa Kiswahili chake, "Fundi natengeneza gari hii, mimi nafanya yeye fundi mkubwa." Fundi mkuu wa zamani alikuwa amekwisha kurudi kwao, na nyumba yake ilikuwa imefungwa. Wewe unajua maana yake. Sisi wa kambi ya makapera haturuhusiwi kuleta wake. Fundi mkuu peke yake ndiye anayepewa nyumba ya kukaa na mkewe. Zaina nilimwacha anatambaa, na sasa naambiwa anachota maji. Wenzangu walichungulia chini ya gari wakatikisa vichwa. Mimi nikasema nitalitengeneza.

Ilinichukua wiki saba, na Bwana alikuwa likizo kwao. Ekseli niliilaza juu ya vipande viwili vya reli, nikaifunga minyororo, nikainyoosha kwa jeki, kidogo asubuhi na kidogo jioni, huku nikiipima kwa uzi. Jani kubwa la springi nililitoa kwenye lori bovu, nikalipasha kwa moto wa mkaa, nikalikunja mwisho wake liwe na tundu la kupitisha pini, nikalichovya katika mafuta ili liwe gumu. La kwanza lilipasuka kama kigae kwa sababu nilikuwa na haraka. La pili nililirudisha kwenye moto mdogo nikalingoja, likatii. Bushi, yale mapete ya kupitishia pini, nilizichonga kutoka shaba ya pampu kuukuu. Shafti nayo ilikuwa ya lori, nene kuliko inavyotakiwa. Nikaipunguza kwenye mashine, halafu meno ya mwisho wake nikayachonga kwa tupa, moja moja, siku kumi na moja, hata vidole vikashindwa kumega tonge. Kisha meno ya ndani ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, nikayapaka masizi na mafuta, nikayazungusha nione yanagusana wapi, nikaongeza vipande vya bati la kopo mpaka yakaumana pale panapotakiwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, mke wangu. Sijawahi kufanya nyingine nzuri kama hiyo.

Masanja sitamnyima haki yake. Alinivutia mvukuto, alinishikia koleo, na kunyanyua vitu vizito yeye ni dume. Lakini hakuna kipimo alichopima.

Siku ya kujaribu, Bwana alipanda akaenda mpaka bwawani, akarudi. Nyuma kimya kabisa, gari limesimama sawa. Akashuka anacheka, akatoa daftari lake mfukoni, akauliza, "Kazi hii ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo Masanja akasema, "Yangu, Bwana. Huyu Mzigua ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua kwa jembe bovu. Kazi yake kunishikia spana."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Na mimi, mke wangu, mimi mjinga wa Handeni, nikafanya kama mtani anavyotakiwa kufanya. Nikainama mpaka chini, nikasema, "Kweli, Bwana. Huyu ndiye mkubwa wangu. Mimi ni mtumwa wake tu, hata chakula ananipa makombo." Wakacheka zaidi. Bwana naye akacheka, akaandika katika daftari. Sikujua anaandika nini.

Jumamosi tulipopangwa mstari jina la fundi mkuu likaitwa, na lilikuwa la Masanja. Wallahi, nilicheka tena. Nilidhani sasa atageuka aseme, "Bwana, tulikuwa tunataniana, fundi ni huyu." Akaenda mbele. Akapokea ufunguo. Akautia mfukoni, akarudi mstarini bila kunitazama, na hapo ndipo kicheko kikanikauka mdomoni.

Nilimfuata mpaka mlangoni pa nyumba. Nikamwambia, "Mtani, mzaha umekwisha. Nenda kwa Bwana ukamwambie. Unajua nina mke."

Akasema, "Hata mimi nina mke. Na wewe si ulikubali mwenyewe mbele ya watu?"

"Nilikuwa nakutania!"

"Basi, mbona unakasirika? Mtani hakasiriki."

Nikaenda kwa Bwana mwenyewe. Akafungua daftari, akaninyooshea kidole akasema, "Wewe nasema kwa mdomo yako, mimi nasikia kwa sikio yangu. Sasa nataka nini?" Nikawaendea wenzangu, wale wale walioniona nikichonga na tupa siku kumi na moja. Kila mmoja akaniambia mambo ya watani hawayaingilii. Nilirudi kambini nikakaa juu ya kitanda changu na barua yako mkononi, ile unayosema shamba la muhogo umekwisha kumpa wifi yako kwa kuwa unakuja kwa mumeo. Nimelia, sikufichi. Adui angenifanyia hivi ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa anakula katika sahani yangu.

Nilikoma kusema naye. Mwezi ukapita. Halafu baba yake akafariki huko Kharumwa, na mjumbe akaja kunichukua, maana maziko bila mtani hayaendi. Nikataka kukataa. Lakini yule mzee hakunikosea kitu, nikapanda lori nikaenda.

Unajua mtani ana ruhusa gani msibani. Walipokwisha kuchimba, kabla mwili haujaletwa, nikaruka nikalala kaburini. Watu wakaanza kucheka na kunirushia vitu nitoke, mwingine kitambaa, mwingine kuku aliyefungwa miguu. Nikasema kwa sauti, "Sitaki kuku! Sitoki humu mpaka Masanja aseme mbele ya baba yake ni nani aliyetengeneza ekseli ya Bwana. Ameniibia nyumba ya mke wangu!"

Wakacheka wakishika mbavu. Wazee wa watu, waliokuwa wakilia tangu asubuhi, wanafuta machozi kwa kucheka. Mimi nimelala kwenye udongo, nasema ukweli mtupu kwa moyo wangu wote, na kila ninavyozidi kusema ndivyo wanavyozidi.

Masanja akaja ukingoni. Akainama akanitazama. Hakuwa anacheka, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa baba yake au kwa jambo jingine sijui. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na ukoo mzima, "Ni wewe, mtani! Wewe ndiye uliyeitengeneza, yote, kwa mikono yako. Mimi nilikuwa mtumwa wako, nakushikia koleo tu. Na nyumba ni yako. Toka basi, tumzike baba."

Kicheko kilichopigwa hapo sijapata kukisikia. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yake alinishika mkono nilipopanda, akaniambia, "Wabeja, ng'wanawane," yaani asante, mwanangu, "umetufuta machozi." Mke wangu, alikiri kila kitu mbele ya baba yake na mama yake, na katika watu wote wale hakuna aliyemsadiki. Jumatatu yake alirudi Geita na mkewe na watoto wake, wakaingia katika ile nyumba.

Kwa hiyo mwendee wifi yako kwa upole umwombe lile shamba, hata nusu yake. Nisalimie sana mama yangu, umwambie shikamoo yake naitoa kwa magoti. Nisalimie kaka yako mwalimu anayesoma haya, asiyatangaze msikitini. Nisalimie mjomba fundi seremala, na jirani yetu mama mkunga aliyempokea Zaina. Zaina mbusu, umwambie baba hakusema uongo alipomwahidi nyumba huku.

Wewe si mtani wangu, Mama Zaina, wewe ni mke wangu. Sina mtu mwingine wa kumwambia neno hili akalisikia kama lilivyo: ile ekseli niliitengeneza mimi.

Mumeo,
Mhina