Khanga ya Mama Mlangoni

Jumatatu, 5 Mei
Foleni ya maji, ndoo mbili. Darasani, somo la uuguzi. Maharage. Nimerudi jana kutoka kwetu Mkula, na bweni zima linaamini nilikuwa naumwa malaria. Matron peke yake anajua nilikwenda kumzika mama. Nimemwomba asiseme. Wenzangu wakijua watajaa chumbani na mapambio, na mimi sina machozi ya kuwapa. Ndani hamna kitu.

Zuhura, tunayelala naye chumba kimoja, kaweka chumvi kwenye kopo langu la sukari. Nimekunywa chai yote kimya. Kanuna, kakosa raha yake.

Jumatano, 7 Mei
Ndala yangu moja imekutwa juu ya bati. Zuhura tena. Yeye Mzaramo wa Kisarawe, mimi Msukuma, watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kukasirika hairuhusiwi. Muhula uliopita nilimshona miguu ya suruali, akaanguka mbele ya matron. Tulicheka wiki nzima. Sasa sioni cha kuchekesha.

Mama alimpenda tangu likizo niliyomleta nyumbani. Siku alipotuletea michembe, viazi vyake vya kukausha, alimwambia, "Mtani, nikifa usikose. Njoo uwasumbue hawa." Zuhura akasema atavaa nguo zake na kulala kaburini mpaka alipwe. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sikumpigia simu Zuhura. Sikutaka mtu wa kuchekesha pale msibani.

Jumamosi, 10 Mei
Nimetoka kufua nikakuta ufagio umesimamishwa mlangoni, umevalishwa khanga ya mama, kichwa ni ndoo. Bibi harusi. Wasichana wa korido nzima wanapiga vigelegele, Zuhura anaongoza.

Khanga ilikuwa chini ya mto wangu. Ina moshi wa jikoni kwake, ndiyo maana siifui. Nimeivua, nimeikunja. Namchukia Zuhura.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeloweka sare yake nyeupe kwenye bluu ya kufulia, pakiti nzima. Kesho ana mtihani wa vitendo wodini. Nilidhani nitasikia kitu, walau raha. Nimekula ugali nikalala.

Jumanne, 13 Mei
Amerudishwa kutoka wodini mbele ya wote. Kakaa kitandani, sare mapajani.

"Kabula, utani haufiki kwenye mtihani. Nimekukosea nini?"

Nimefungua kitabu nikasoma. Mkufunzi kampa mpaka Ijumaa aje na sare nyeupe, la sivyo anarudia muhula. Fundi wa mjini anataka wiki nzima. Hana pa kuazima nyingine.

Jioni alikwenda kwa matron kuomba kuhama chumba. Alirudi, hakufungasha kitu. Kanitazama sana, kisha kapanda kitandani na viatu. Matron kamwambia kuhusu mama.

Jumatano, 14 Mei
Hajanisemesha. Ndala zote mbili zipo. Sukari ni sukari.

Alhamisi, 15 Mei
Nimetoka darasani nikamkuta amekaa kizingitini, kajifunga khanga ya mama kama mama mwenyewe, fundo kubwa ubavuni. Kaziba mlango.

"Mwadila, ng'wanone," kanisalimia kama mwanawe, kwa Kisukuma chake kibovu, sauti ya mama. Kamwiga anavyokemea kuku. Kamwiga anavyolalamikia magoti. Nikamwambia atoke. Hakutoka.

"Mmemzika mtani wangu bila mimi. Hupiti hapa mpaka nilipwe."

Akamwiga mama anavyocheka, mkono tumboni, anashuka taratibu mpaka chini. Hapo nikacheka. Nilicheka vizuri tu, kisha kicheko kikageuka, nikajikuta nimelala mapajani mwake, nalia kwa sauti. Makaburini sikulia. Naye alikuwa analia. Wasichana walichungulia, akawafukuza.

Tulipotulia alikuwa bado kanyoosha mkono. Desturi ni desturi. Nikavuta mfuko wa mwisho wa michembe ya mama chini ya kitanda, nikampa. Kisha nikampa sare yangu.

Ijumaa, 16 Mei
Kaenda wodini na sare yangu. Inambana, kifungo cha kifuani kimekatika njiani, kakibana na pini. Mkufunzi kampokea. Matokeo bado.

Khanga kairudisha mwenyewe chini ya mto. Hajaifua. Tumetafuna michembe, migumu. Mama hayupo, na leo nimelisikia hilo mchana kutwa.

Chai ya jioni ilikuwa na chumvi. Safari hii nimeitema.